Saraundi na Mafaili ya Projekti: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Studio za Nyanda za Juu Kusini

Maswali haya huulizwa tena na tena na maprodyuza, mafundi mitambo wa makanisa na wahariri wa video kuanzia Mbeya na Tukuyu hadi Njombe na Iringa. Kila jibu linajitegemea, kwa hiyo nenda moja kwa moja kwenye lile linalokusumbua. Mambo mepesi yako juu, yale yanayotokea mara chache yako chini.

## Mambo ya mwanzo

1. Saraundi ni nini hasa, na hiyo 5.1 maana yake nini?

Stereo ina chaneli mbili, kushoto na kulia. 5.1 ina sita: kushoto, kulia, katikati, nyuma kushoto, nyuma kulia, na moja ya besi tupu inayoitwa LFE. Hii ya mwisho huhesabiwa kama ".1" kwa sababu haibebi sauti kamili, huishia kwenye hezi 120 hivi.

7.1 huongeza chaneli mbili nyingine, za pembeni na nyuma zikatenganishwa. Dolby Atmos, iliyoingia kwenye majumba ya sinema mwaka 2012, huongeza spika za juu, na baadhi ya sauti hubeba maelezo ya mahali zilipo badala ya kufungiwa kwenye spika fulani. Ukurasa huu unahusu zaidi 5.1, maana ukiielewa hiyo vizuri, hizo nyingine hazitakutisha.

2. Sabufa yangu ina spika tano. Si tayari ni 5.1?

Mara nyingi siyo. Igeuze uangalie mgongoni. Ukikuta matundu mawili tu ya kuingizia sauti, jekundu na jeupe, basi inapokea chaneli mbili, na hizo spika tano zote zinarudia kitu kilekile. 5.1 ya kweli ina matundu sita yaliyoandikwa FL, FR, CEN, SUB, SL na SR, au ina tundu la HDMI au la waya wa mwanga (optical) pamoja na uwezo wa kusoma Dolby ama DTS, yaani mifumo ya kubana sauti ya chaneli nyingi. Maandishi ya 5.1 kwenye boksi si ushahidi.

Kuna jaribio la dakika moja. Tengeneza faili la chaneli sita lenye mtu anayeongea kwenye chaneli ya nyuma kushoto peke yake. Licheze. Ikilia spika moja tu, tena ile ya nyuma kushoto, una 5.1. Zikilia zote, unajua jibu.

3. Natengeneza bongo fleva. Nahitaji saraundi?

Kwa sasa, hapana. Msikilizaji wako yuko kwenye simu, kwenye bajaji au kwenye sabufa ya swali la 2. Majukwaa mengi ya muziki hupokea stereo, na yale yanayopokea muziki wa pande zote, kama Apple Music iliyoanza kutoa Atmos mwezi Juni 2021, hutaka faili la Atmos lenyewe, si WAV (faili la sauti isiyobanwa) ya 5.1.

Saraundi ina kazi kwenye filamu, filamu za makala, video za utalii na kurekodi kwaya au ngoma kwa ajili ya kutunza kumbukumbu. Kama hakuna hata mmoja wa wateja wako anayeomba hayo, hela ya spika nne za ziada ningeitia kwenye maiki nzuri na magodoro ya kuzuia mwangwi ukutani.

4. Programu gani inafaa?

FL Studio, ambayo imejaa kwenye studio zetu, ina mikisa ya stereo, kwa hiyo biti pika humo, saraundi kafanyie kwingine. Audacity inaweza kutoa faili la chaneli sita ukiipangia treki ipi iende chaneli ipi, lakini haina chombo cha kuizungusha sauti chumbani. Reaper inafanya kazi hii vizuri kwenye kompyuta ya kawaida, unaijaribu siku 60 bila malipo, na leseni yake ndogo ni dola 60. Ardour ni programu huria na inakubali chaneli nyingi. Ukiwa na Mac, Logic Pro inayo saraundi na Atmos ndani yake. Pro Tools, Nuendo na Cubase Pro ziko kwenye studio za filamu, ila angalia toleo unalonunua, kwa sababu matoleo ya bei ya chini huwa yamenyimwa saraundi.

Programu ya kukrakiwa? Mbali na virusi na suala la haki, projekti iliyojaa plagini (viongezo vya programu) za namna hiyo haifunguki sawasawa kwenye studio nyingine. Siku ya kupeleka kazi Dar ndiyo utakapoijua bei yake.

5. Vifaa vya chini kabisa ni vipi?

Intafesi (kifaa cha kuingizia na kutolea sauti kwenye kompyuta) yenye matundu sita ya kutolea sauti, spika tano zinazofanana, na sabufa moja, yaani spika ya besi peke yake. Soma vizuri maelezo ya intafesi, maana nyingi zinazouzwa kama za chaneli nyingi zina matundu mengi ya kuingizia na mawili tu ya kutolea.

Njia ya bei nafuu ni HDMI kutoka kwenye kompyuta hadi risiva ya hom thieta, maana HDMI hubeba hadi chaneli nane zisizobanwa. Waya wa mwanga haukutoshi hapa. Wenyewe hubeba chaneli mbili tu za sauti isiyobanwa, na 5.1 hupita humo ikiwa imeshabanwa kwa Dolby au DTS.

## Chumba na spika

6. Spika zikae wapi?

Tumia kamba. Tuseme kamba yako ni mita 1.5. Funga ncha moja kwenye kiti unachokalia, zungusha ncha ya pili, na spika zote tano zikae kwenye duara hilo. Ya katikati iwe mbele ya pua yako. Kushoto na kulia ziwe mita 1.5 kati yao, yaani pembetatu yenye pande sawa na kiti, kila moja nyuzi 30 kutoka katikati. Za nyuma zikae nyuzi 110, nyuma kidogo ya masikio. Kwa kamba, hiyo ni kama mita 1.9 kutoka spika ya mbele ya upande huohuo, na mita 2.8 kati ya zenyewe kwa zenyewe.

Kosa linaloonekana kwenye vyumba vingi ni spika za nyuma kupachikwa kwenye kona za ukuta wa nyuma kabisa. Ukizipachika huko utazikuza kwenye miksi ili uzisikie, halafu mteja mwenye spika zilizokaa sawa atasikia makofi yakimpigia shingoni.

Chumba kikikubana na spika moja ikawa karibu zaidi, icheleweshe kwa takriban milisekunde 3 kwa kila mita inayokosekana.

7. Nazisawazishaje?

Cheza kelele ya waridi, ile ya shaa inayopatikana kwenye programu nyingi, spika moja moja. Pima ukiwa umekaa kwenye kiti chako. Kwa chumba kidogo lenga desibeli 79 hivi kila moja. Programu ya kupimia sauti kwenye simu haiaminiki kwa namba yenyewe, lakini kwa kulinganisha spika na spika inatosha kabisa. Pima usiku, kama studio iko karibu na barabara kuu ya Mwanjelwa au Mafiati, la sivyo utakuwa unapima malori.

8. Sabufa na chaneli ya LFE ni kitu kimoja?

Hapana, na hapa ndipo miksi nyingi huharibika. Sabufa ni spika. LFE ni chaneli. Risiva huweza kuchota besi ya chaneli zote, mara nyingi chini ya hezi 80, na kuipeleka kwenye sabufa, hata kama LFE iko kimya kabisa.

Tena mfumo wa kusikilizia hucheza LFE kwa desibeli 10 zaidi ya chaneli nyingine. Risiva hulifanya hilo yenyewe. Ukitoka kwenye intafesi moja kwa moja hakuna anayekuongezea, hivyo ongeza kwenye sabufa yenyewe, usiongeze kwenye miksi. Ukiongeza kwenye miksi, kwa mteja zitajumlishwa mara mbili na vioo vitacheza.

## Kumiksi

9. Chaneli ya katikati niweke nini?

Kwenye filamu, mazungumzo. Kwenye muziki, mwimbaji kiongozi au sehemu yake, ukimwachia kidogo na kushoto na kulia ili asionekane kama amesimama kwenye kabati.

10. Nimerekodi kwaya kanisani. Nyuma niweke nini?

Weka kanisa lenyewe. Maiki mbili zinazotazama kwaya ziende mbele, na maiki mbili zilizosimikwa katikati ya waumini, mbalimbali kidogo, ziende nyuma. Usigawe sauti ya kwanza mbele na besi nyuma. Mtu aliyeketi kwenye benchi hasikii kwaya hivyo.

Maiki za nyuma zikiwa mita 10 kutoka kwenye kwaya, sauti huzifikia baada ya takriban milisekunde 29. Usizisogeze kwenye kompyuta zilingane na za mbele, maana huo uchelewaji ndio unaolipa kanisa ukubwa wake. Ila ukienda mbali sana, makofi na ngoma huanza kusikika mara mbili, na hapo wimbo mzima unavurugika.

Kuhusu mvua: Tukuyu ni miongoni mwa sehemu zenye mvua nyingi zaidi nchini, na paa la bati halisubiri kibwagizo kiishe. Hakuna plagini inayoitoa mvua ya bati bila kuondoka na herufi za "s" na "sh". Subirini ipite. Kisha rekodi dakika mbili za kanisa likiwa kimya, na dakika mbili za mvua yenyewe kama ikirudi. Kwenye filamu ya makala, mvua safi ya bati kwenye chaneli za nyuma ni dhahabu.

11. Miksi yangu ya 5.1 itasikikaje kwenye simu?

Simu au televisheni itazikunja chaneli sita ziwe mbili. Kanuni ya kawaida ni hii: katikati huingia kushoto na kulia ikiwa imepunguzwa desibeli 3, nyuma kushoto huingia kushoto ikiwa imepunguzwa desibeli 3, na nyuma kulia vivyo hivyo. LFE kwa kawaida hutupwa.

Soma tena sentensi ya mwisho. Kama gitaa la besi au ngoma kubwa umeiweka kwenye LFE peke yake, kwenye simu haipo. Besi ya muziki ikae kwenye chaneli kuu, LFE ibaki ya mishindo: radi, mlipuko, treni ya TAZARA ikiingia stesheni. Na uisikilize miksi ikiwa imekunjwa kabla ya kuitoa. YouTube inapokea video yenye stereo, au stereo pamoja na 5.1, kwa hiyo ukiweza, tengeneza stereo yako mwenyewe usiwaachie mashine.

12. Mwimbaji anatokea kulia na sabufa inaimba. Nini kimetokea?

Mpangilio wa chaneli umepishana. Mpangilio wa kawaida wa WAV ni kushoto, kulia, katikati, LFE, nyuma kushoto, nyuma kulia. Mpangilio wa filamu ni kushoto, katikati, kulia, nyuma kushoto, nyuma kulia, LFE.

Ukicheza faili la mpangilio wa filamu kana kwamba ni la kawaida, kushoto pekee ndiyo inabaki mahali pake. Katikati inahamia spika ya kulia, kulia inahamia katikati, nyuma kushoto inaingia kwenye sabufa, nyuma kulia inatokea nyuma kushoto, na LFE inanguruma kwenye spika ya nyuma kulia. Ukisikia dalili hizo usiguse miksi. Badilisha mpangilio wakati wa kutoa faili.

Dawa ya kudumu ni kutuma faili sita za mono zilizoandikwa majina: `wimbo_L`, `wimbo_R`, `wimbo_C`, `wimbo_LFE`, `wimbo_Ls`, `wimbo_Rs`. Hakuna mhariri atakayezikosea.

13. Naweza kugeuza wimbo wa stereo kuwa 5.1?

Kuna plagini za kazi hiyo. Kwa muziki wa nyuma ya filamu unaokosa treki zake, sawa. Kwa wimbo ambao treki zake unazo, rudi kwenye projekti umiksi upya.

14. Nitoe kazi ikiwa na sauti ya kiasi gani?

Muulize anayepokea. Netflix hutaka mazungumzo yawe wastani wa LKFS -27 (LKFS na LUFS ni majina mawili ya kipimo kimoja cha ukubwa wa sauti), kilele kisizidi desibeli -2. Muziki wa Atmos huwekewa ukomo wa LKFS -18. Mteja asipokuwa na jibu, na kazi ni ya televisheni, LUFS -23 ya watangazaji wa Ulaya ni mahali salama pa kuanzia.

## Mafaili ya projekti

15. Nimemtumia mwenzangu faili la projekti, anasema halina sauti. Kwa nini?

Kwa sababu mara nyingi faili la projekti halina sauti ndani yake. Ni kama ratiba ya ibada: inasema kwaya gani inaimba saa ngapi, lakini wanakwaya hawamo kwenye karatasi. Faili la .rpp la Reaper, .cpr la Cubase, .ptx la Pro Tools au .als la Ableton hubeba maelekezo tu. Sauti ziko kwenye WAV zilizokaa pembeni, pengine kwenye folda tatu tofauti na fleshi ya mtu.

Audacity ni tofauti. Tangu toleo la 3.0 la mwaka 2021, faili lake la .aup3 hubeba sauti ndani. Ila usilinakili programu ikiwa wazi. Ukiona pembeni yake kuna faili linaloishia na `aup3-wal`, kuna kazi ambayo bado haijaingia ndani, kwa hiyo funga programu kwanza.

16. Nikusanye vipi kila kitu?

Kila programu ina njia yake. Reaper: hifadhi upya kwa "Save As" ukiweka tiki ya kunakili sauti zote kwenye folda ya projekti. Ableton: "Collect All and Save". Pro Tools: "Save Copy In". FL Studio hutoa zipu yenye projekti na sampuli zake.

Kisha fanya jambo ambalo wengi hawalifanyi: fungua hiyo nakala kwenye kompyuta nyingine. Ukiifungulia kwenye kompyuta yako itafunguka tu, kwa sababu bado inaziona sauti zako za zamani. Huna kompyuta ya pili? Badilisha kwa muda jina la folda ya zamani ili nakala ishindwe kuiegemea.

Plagini hazikusanywi. Treki yenye plagini ambayo mwenzako hana, igeuze kuwa WAV.

17. Mimi natumia FL Studio, yeye anatumia Pro Tools. Tunafanyaje?

Sahau projekti, tumeni treki. Kila treki iwe WAV ya biti 24 (24-bit), zote zianzie sekunde ya sifuri hata kama zumari linaingia dakika ya tatu, na faili dogo la maandishi liseme tempo, ufunguo na kiwango cha sampuli, yaani sauti imepimwa mara ngapi kwa sekunde, kama 44,100 au 48,000. Toa moja ikiwa kavu na moja yenye efekti pale efekti ilipo sehemu ya wimbo. Hata mkiwa na programu ileile, toleo la zamani mara nyingi halifungui projekti ya toleo jipya.

18. Wimbo umefunguka ukiwa umepanda na unakimbia.

Ulirekodiwa kwa 44,100, unachezwa kwa 48,000 bila kubadilishwa. Unapanda karibu robo tatu ya toni, na wimbo wa dakika 4 unaisha kwenye dakika 3 na sekunde 40. Usirekebishe kwa kuushusha ufunguo. Weka kiwango sahihi cha projekti, au ligeuze faili. Kazi ya video ni 48,000 tangu siku ya kwanza.

19. Nafasi kiasi gani inahitajika, na nitume vipi?

Treki moja ya mono, biti 24 kwa 48,000, hula MB 8.6 kwa dakika. Faili la 5.1 hula karibu MB 52, yaani GB 3.1 kwa saa. Ibada ya saa mbili kwa maiki 16 inakaribia GB 17.

Ukihesabu bando, fleshi kwenye bahasha ndani ya basi la Dar bado inashinda. Ipige zipu kwanza, maana zipu hujikagua inapofunguliwa na huko mbele watajua kama kuna kilichoharibika njiani. Na usifute chochote huku hadi wapokeaji wafungue projekti, siyo hadi bahasha ifike.

## Yanayotokea mara chache

20. Fleshi ya GB 64 inasema haina nafasi ya faili la GB 5.

Imepangwa (format) kwa FAT32, ambayo haikubali faili linalofika GB 4. Nakili vilivyomo, ipange upya kwa exFAT. WAV ya kawaida nayo ina ukomo huohuo wa GB 4, ambao 5.1 huufikia kwenye dakika ya 82 hivi. Kwa rekodi ndefu chagua RF64 au W64, au tumia faili za mono za swali la 12.

21. Mwanzoni midomo inalingana, mwishoni inaachana.

Video ya simu huwa na idadi ya fremu inayopanda na kushuka. Igeuze iwe na fremu zisizobadilika kabla ya kugusa sauti, kwa kazi za televisheni ya huku ziwe 25 kwa sekunde. Kisha weka mlio mfupi wa hezi 1,000, urefu wa fremu moja, sekunde 2 kamili kabla ya picha ya kwanza. Mhariri akiona mlio umekaa mahali pake, anajua mwanzo uko sawa, na kinachoachana baadaye ni kasi, si mpangilio.

22. Projekti ya Reaper inatafuta sauti kwenye diski ambayo haipo tena.

Faili la .rpp ni maandishi matupu. Tengeneza nakala, ifungue kwa Notepad, utaona mistari kama `FILE "E:\Kwaya\maiki_kushoto.wav"`. Badilisha `E:\Kwaya` iwe njia mpya kwa kutafuta na kubadilisha zote kwa mkupuo, hifadhi, fungua. Faili lenyewe likiharibika, angalia kama pembeni yake kuna .rpp-bak.

23. Umeme ulikatika tukirekodi. WAV ni kubwa lakini inaonyesha sekunde sifuri.

Sauti ipo. Kilichokosekana ni maelezo ya mwanzo wa faili, ambayo programu nyingi huyakamilisha unapobonyeza kusimamisha. Fungua Audacity, chagua kuingiza data ghafi, "Import Raw Data", kisha mwambie ukweli wa rekodi: biti 24, mono au stereo, 48,000. Ukisikia mvumo mkali mtupu, umekosea biti au mpangilio wa baiti, jaribu tena. Ukisikia sauti sahihi lakini imekimbia au imeburuta, umekosea chaneli au kiwango. Sekunde ya kwanza inaweza kuwa na mshindo mdogo, ambao ni mabaki ya maelezo yale. Ukate.

Na laptopu iwe na betri inayoshika chaji, intafesi iwe kwenye UPS.